Akwariomu Iliyolala Chali

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa saba. Kasongo.

Mama mukwe amefika kutoka Kabambare. Njia yote juu ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, na bado alikuwa na nguvu ya kutazama ukuta wa nyumba yangu na kuguna. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya jiko, jinsi heshima inavyotaka. Katika ukoo wa bibi yangu Laetitia, mukwe mwanaume hasimami uso kwa uso na mama mukwe. Hali chakula naye. Hamgusi hata kidole. Akiwa na neno anampa mtoto, mtoto analipeleka. Nimeoa miaka kumi na moja, na mpaka leo mama Marie-Louise namjua mgongo tu.

Hakuja peke yake. Fidèle yuko naye, pamoja na Sonia! Fidèle ni mwanyumba wangu, ameoa Sonia, dada mkubwa wa Laetitia. Ana duka Kabambare, ana tumbo, ana simu kubwa kama sahani. Mwaka jana alikwenda Dar es Salaam kutafuta bidhaa, akamchukua Sonia na vijana wao wawili. Huko wakaingia nyumba moja kando ya bahari. Samaki wanaogelea nyuma ya vioo na watu wanakuja kuwatazama. Hawauzwi. Hawaliwi. Wanatazamwa! Eti inaitwa akwariomu. Jioni nzima tumeangalia picha. Fidèle mbele ya samaki wa manjano. Fidèle mbele ya kasa. Fidèle peke yake, samaki amekimbia. Namwelewa samaki huyo.

Baada ya bugali ndipo neno likatoka kwa Fidèle. Sonia hana binti. Wanamtaka Esther-Divine wangu akaishi kwao, asome Kabambare, na likizo waende naye kuona bahari. Kwao nyanya ndiye mwenye neno juu ya wajukuu, kwa hiyo mama mukwe ndiye atakata shauri. Atasema Jumapili.

Esther-Divine ni mtoto wangu wa kwanza. Ana miaka kumi. Akikaa kwenye kibanda changu cha kuchaji simu, hata wateja wenye hasira wanasema aksanti. Nilitaka kujibu kitu cha nguvu. Nikasema usiku mwema.

Nimelala nikitazama paa. Wao wana akwariomu? Vizuri. Mtoto gani ataacha nyumba ya baba yake kama nyumba hiyo nayo iko na akwariomu?

Jumanne, tarehe 9

Akili ni mali! Sebule yetu ina dirisha la vioo, la pekee katika ua wote. Ni zawadi ya ndoa kutoka kwa wajomba wa Laetitia, na anapangusa vioo hivyo kila Jumamosi. Asubuhi alikwenda sokoni na mama yake. Nikavitoa vyote vinne.

Esther-Divine alisimama mlangoni. Akasema, papa, hapana. Nikamwambia mambo ya sayansi yanataka moyo.

Niliunganisha vioo kwa lami na ile gundi ya kuzibia tairi. Nikamimina maji. Yakasimama! Kwa muda wa kuita jirani mmoja nilikuwa injinia. Jirani alipofika, kioo cha upande kililala chini taratibu, cha pili kikamfuata, na maji yote yakaingia kwenye kibanda, palipokuwa betri na simu za watu. Simu moja ya mwalimu imeanza kupiga yenyewe. Inampigia mkurugenzi wake.

Laetitia alirudi. Alisimama mbele ya tundu la dirisha. Halafu akasema kwamba kupitia tundu hilo anaona vizuri sana mtu aliyemwoa.

Mama mukwe naye alimtuma mtoto kwangu. Anasalimia. Anauliza kama mukwe wake ameanza kuuza nyumba kipande kipande.

Jumatano, tarehe 10

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Leo nimekwenda kwa Nourdine.

Nourdine ana duka karibu na msikiti. Ukoo wake umefanya biashara Kasongo tangu enzi za misafara ya pembe, na bei zake zinataka kurudisha gharama za safari ile. Dukani ana friji ya soda yenye mlango wa kioo. Ilikufa masika yaliyopita, sasa anawekea sukari. Niliitazama muda mrefu. Friji ikisimama ni friji. Lakini uilaze chali, uijaze maji! Mlango unakuwa juu, na unatazama samaki kutoka mbinguni kama Mwenyezi Mungu. Dar es Salaam wanatazama kwa ubavu tu.

Nourdine aliuliza ya kazi gani. Nikasema elimu. Akauliza kama elimu hiyo inanuka. Nikaapa kwamba haitabaki harufu hata kidogo. Akasema nisiape, nioshe. Nimemwahidi kuchaji simu zote za dukani kwake mpaka Noeli, na sukari imehamia kwenye ndoo.

Nilipokuwa naibeba na vijana wa jirani, Fidèle alipita na kijiti mdomoni. Akauliza kama friji imekufa. Nikamjibu kwamba imepumzika. Akasema pole kwa familia.

Mshenzi.

Alhamisi, tarehe 11

Siku ya samaki. Nilichukua pikipiki ya kukodi mpaka Lualaba, na bidon mbili za maji zilizokatwa mdomo. Nikamkuta mvuvi Sumaili anatengeneza nyavu. Nikamwambia nataka samaki wazima, wenye uhai. Akauliza nimegombana na nani.

Nikaeleza. Hapa watu wananunua samaki wa moshi, au wa chumvi, au mbichi aliyekufa sasa hivi. Aliye hai hana mteja. Sumaili akawaita wenzake waje kunisikia nikirudia. Nikarudia. Wakaleta gogo, wakakaa, wakaniomba nianze tena tangu kwa Fidèle.

Nikapata sita wazuri. Njia ya kurudi, ole wangu! Kila shimo lilichukua sehemu yake. Maji yalikwenda mgongoni mwa mwenye pikipiki, naye alilaani mpaka tunaingia mjini. Nilipofungua bidon mbele ya familia nzima, samaki wote sita walikuwa wanatazama juu, wametulia kama waumini.

Laetitia akawapika. Mama mukwe amekula, kisha akatuma neno: anashukuru, akwariomu ni tamu. Fidèle aliomba sahani ya pili.

Sikula. Nilikaa nje. Na hapo, nikisikia wanavyonyonya miiba, akili ikafunguka. Kama samaki hawawezi kufika kwenye friji, friji itakwenda kwa samaki! Jumapili familia yote itashuka mtoni. Ni kiangazi, maji yamepungua, mchanga uko mweupe na mpana. Fidèle alikuwa na bahari. Mimi nina Lualaba, na maji yake hayana chumvi.

Ijumaa, tarehe 12

Friji imekwenda mtoni kwa baiskeli. Wasukumaji wawili, kamba za mpira, na mimi mbele nikifungua njia. Kila kijiji watu walitoka. Mzee mmoja aliuliza baridi inapelekwa wapi. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Tumeilaza kwenye mchanga karibu na mtumbwi wa Sumaili. Inapendeza. Na Sumaili, ambaye sasa ananipenda kwa kuwa nimewachekesha tangu jana, alinionyesha samaki mmoja wa ajabu. Mnene, hana magamba, ana ndevu na macho madogo ya kusinzia. Akasema nisimguse. Nikamgusa. Mungu wangu! Mkono ulirushwa mpaka juu ya kofia, meno yakagongana. Kumbe ana umeme ndani yake! Bila pano ya kuvuta umeme wa jua, bila betri. Mimi ninayeuza umeme nimetazama samaki huyo kwa wivu.

Ndipo mpango mkuu ulipokuja. Fidèle anapenda kushika kila kitu na kupigwa picha akikishika. Nitamwambia kwamba wajuzi wa akwariomu hushika samaki kwa mkono. Atashika. Atalia kama mtoto mbele ya mama mukwe, mbele ya Sonia, mbele ya wanawake wanaofua. Na mwanaume aliyelizwa na samaki hapewi mtoto wa watu.

Jioni nilikaa na Esther-Divine kibandani. Nilitaka kumuuliza kama anatamani kwenda. Swali lilifika kwenye meno. Nikamuuliza kama amekunywa maji. Akasema ndiyo, papa. Naogopa jibu, hiyo ndiyo kweli yake, na nimeiandika hapa kwa kuwa hapa hakuna mtu.

Jumamosi, tarehe 13

Nimepaka kibao rangi. AKWARIOMU YA PACIFIQUE. Laetitia akauliza vioo vya kwanza vilikuwa vya nani. Nimeongeza chini: NA BIBI. Rangi imeisha kwenye herufi ya mwisho, sasa inasomeka NA BIB.

Jumapili, tarehe 14

Nitaandika kwa utaratibu.

Baada ya misa tulishuka mtoni kwa pikipiki nne, na vyungu na miamvuli. Sumaili alikuwa ameshajaza friji. Ndani samaki wadogo wa fedha, mmoja mwenye pua ndefu, na kwenye kona yule mnene, amesinzia. Jua lilipiga maji. Watoto walilala juu ya matumbo yao, pua kwenye kioo. Wanawake waliacha kufua. Hata Fidèle aliinama bila kutoa simu! Esther-Divine hakusema kitu. Alinishika mkono, akaubana. Kama Mungu angenichukua dakika ile ningekwenda bila kudai chochote.

Lakini nilikuwa na mpango.

Nikamwambia Fidèle kwamba mtu aliyezoea akwariomu kubwa hawezi kuogopa kumshika huyu mnene. Fidèle akakunja shati. Akampa Sonia simu. Akapiga magoti. Halafu, akiwa na mkono hewani, akakumbuka adabu! Akasema wakubwa kwanza. Akasogea, akamkaribisha mama mukwe.

Na mama mukwe alikuwa tayari. Amekulia kando ya mto Luama, na tangu afike alikuwa anamtazama yule mnene kwa jicho la mpishi. Akasema huyu akipata mawese na majani ya sombe, mtu atasahau matatizo yake. Akafungua mlango wa friji apime unene.

Mimi nifanye nini? Kumpigia kelele siwezi. Kumshika siwezi. Nikageuka, nikampa mgongo jinsi heshima inavyotaka, nikamwambia Esther-Divine haraka: mwambie nyanya asiguse!

Mtoto amelelewa vizuri. Nimemlea mimi. Neno la mukwe kwa mama mukwe halitupwi tu kama jiwe. Akapiga goti, akaanza: nyanya, papa anakusalimia. Anauliza kama umeamka vizuri. Anauliza kama miguu imepoa na safari...

Nilisikia sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mama ya mtu. Kitu kizito kikanipiga mgongoni. Nikageuka. Mama mukwe anaanguka! Mikono yangu haikuniuliza. Ilimdaka. Naye akanishika shingo kwa nguvu yote ya mto Luama, kilemba kimetumbukia kwa samaki, nywele nyeupe ziko nje, na tukatazamana. Uso kwa uso. Ana macho ya Laetitia. Miaka kumi na moja, na hakuna aliyeniambia.

Sumaili alivua kofia. Halafu Sonia akapiga yowe, Laetitia akafunika uso, na Fidèle, ambaye simu ilikuwa imemrudia mkononi, hakuacha kupiga picha hata moja.

Ikaanza kesi hapohapo mchangani. Mama mukwe alikaa chini ya mwavuli na kitenge kichwani, mimi nyuma ya mtumbwi, na Esther-Divine akikimbia katikati na maneno. Nyanya anasalimia, anauliza kwa nini umemshika. Papa anasalimia, anasema ulikuwa unaanguka. Nyanya anasema kuanguka kulikuwa kwake. Fidèle alisema sheria ni sheria, kumdaka mama mukwe ni makosa. Nikatuma swali: na nikimwacha aanguke? Fidèle akasema hayo ni makosa pia, tena makubwa. Faini ikawa mbuzi mmoja na kuku mweupe, na mpaka watolewe, mama mukwe hatasema neno lolote juu ya mtoto.

Wadogo zake Esther-Divine wamewarudisha samaki mtoni. Wote isipokuwa mnene. Mama mukwe aliagiza yule apikwe. Amemla mwenyewe, polepole, akikitazama kila kipande.

Nimempoteza mtoto wangu. Nimempoteza kwa ajili ya Fidèle aliyekunja shati.

Jumatatu, tarehe 15

Mbuzi ametolewa. Kuku pia. Tulikuwa tumemweka mbuzi huyo kwa ubatizo wa mtoto wetu wa mwisho, sasa atabatizwa kwa maharage. Mama mukwe amenirudishia mgongo wake. Heshima imekaa mahali pake.

Kisha nikaitwa nyuma ya jiko nisubiri neno. Aliyekuja kulileta ni Esther-Divine mwenyewe, amevaa nguo ya kanisa. Akapiga goti. Nyanya anakusalimia. Anauliza kama umeamka vizuri. Anauliza kama shingo yako inaendelea vizuri. Nikamwambia, mama, sema basi! Akasema: nyanya anasema mimi siendi.

Nililia. Siandiki kwamba ni moshi. Nilimbeba na urefu wake wote na nguo yake ya kanisa, nikazunguka ua mara nyingi, kuku wakakimbia.

Wageni walipoondoka nilimwambia Laetitia: umeona samaki walivyofanya kazi? Laetitia alikuwa anafagia. Akasema shauri lilikatwa Jumanne. Jumanne gani? Jumanne ile ya vioo, walipotoka sokoni, baada ya kuliona tundu la dirisha, mama yake aliingia chumbani na mtoto, akamuuliza moja kwa moja kama anataka kwenda kwa Sonia. Na Esther-Divine akajibu: nikienda, nani atamwambia papa hapana?

Mama mukwe alicheka mpaka akaomba maji. Akamaliza mambo palepale, Sonia akakubali. Fidèle pia alijua. Wote walijua! Ila mama mukwe aliwakataza wasiniambie mpaka Jumapili, kwa sababu alitaka kuona nitajenga nini baada ya vioo.

Nikamuuliza Laetitia kwa nini yeye, bibi yangu, aliniacha niteseke wiki nzima. Akasimamisha ufagio. Akasema mtoto alikuwa humu ndani siku zote, na mimi sikumuuliza hata mara moja.

Nikachukua ufagio mkononi mwake, nikafagia ua mwenyewe.

Jumanne, tarehe 16

Nimepata jibu la kumpa Laetitia.

Mtoto alisema neno lake Jumanne. Jumanne ndiyo siku ya vioo. Aliviona vioo, akaona maji yamesimama, akafahamu baba yake anajenga kitu gani. Kwa hiyo ni akwariomu! Nimemweleza Laetitia hesabu hii tangu mwanzo mpaka mwisho. Amekwenda kwa jirani.

Nourdine amerudishiwa friji yake. Nimeiosha kwa sabuni, kwa majivu na kwa ndimu. Anasema sukari yake ina harufu ya Lualaba. Nimemwambia itauzika vizuri kwa watu waliohama mto.

Fidèle ametuma picha kutoka Kabambare. Si yeye, ni mahali fulani penye bwawa, na ndani ya bwawa kuna mamba, na watoto wanamtazama na kupiga makofi. Chini ameandika: mwanyumba, hii je? Anadhani ananicheka. Maskini, hajui kwamba mimi namfahamu mtu mmoja wa Lusangi mwenye mamba mdogo, urefu wa mkono, mpole. Eti anawauma wageni tu. Beseni ya Laetitia ya kufulia inamtosha kabisa, na tarehe kumi na tano ya mwezi ujao ni sikukuu, wote watakuja.

Safari hii sitarudia kosa. Nimemuuliza Esther-Divine kwanza. Nimemweleza mpango wote, akasikiliza mpaka mwisho, mikono mgongoni.

Akasema hapana, papa.

Nimemtuma akatafute kamba.